Bi Pacing wa Gatini

San Telmo, 12 Januari 2019

Dada Medy,

Pokea salamu za watu wote wa nyumbani, yaani mimi, Mama, na yule paka uliyemwacha mdogo ambaye siku hizi anajiona ndiye mwenye nyumba. Tu wazima. Goti la Mama bado linamsumbua asubuhi. Daktari alimkataza kupanda ngazi za kanisa, naye akamjibu, "Basi mwambie padri ashuke chini." Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, kichwa kiko salama. Anauliza kama huko milimani mna mablanketi ya kutosha, na kama Mama Mkuu wenu anakula vizuri, maana anaamini mkubwa akila vizuri na wadogo watashiba.

Mimi nimepata kazi. Tangu kile kituo cha simu kifungwe nilikuwa nashinda ndani nikihesabu mijusi ukutani, na sasa nikiamka nina mahali pa kwenda. Boyet Obligar, mtoto wa Meya, anagombea kiti cha baba yake. Aliniita ofisini kwao, akanipa kahawa, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa unacheza ule mchezo wa kuandikiana?"

Nikamwambia ndimi.

"Ulikuwa na wahusika wangapi?"

"Kuna wakati walifika kumi na mmoja."

"Na wenzako hawakujua kwamba wote ni wewe?"

"Dada yangu tu ndiye aliyejua."

Akacheka. "Basi kazi unayo."

Usikunje uso kwanza. Unaikumbuka Lakambayan, kisiwa chetu cha maneno, tulivyokuwa tukikimbilia duka la intaneti kila tukitoka shule? Hakukuwa na picha hata moja. Mtu anaandika mhusika wake amefanya nini na amesema nini, mwingine anamjibu, na nchi inatokea. Wewe ulikuwa Malkia Hiyas. Ulikuwa malkia kwa sababu uliandika kwamba umeketi kitini, na watu wakaandika kwamba wamepiga magoti. Kiti chenyewe hakikuwepo. Sasa nimehudhuria mikutano ya Boyet, na nakuapia ni kitu kilekile. Anasimama anasema, "Mimi ni mtoto wa watu wa chini," umati unaitikia, na papo hapo anakuwa mtoto wa watu wa chini, ingawa baba yake ana mji mzima mfukoni. Kuna makundi, kuna hila, kuna wanaotoka huku wakaingia kule na kujifanya walizaliwa kule. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunafanya mazoezi.

Mama anajivuna. Amewaambia watu wote kanisani kwamba mwanawe ni mwandishi.

Mdogo wako,
Ato

*

Monasteri ya Mtakatifu Klara, Lubungan
9 Februari 2019

Mdogo wangu Ato,

Amani ikae nanyi hapo nyumbani. Barua yako ilinikuta salama, ingawa ilipita kwanza mezani kwa Mama Mkuu, na naye, mwambie Mama, anakula vizuri sana. Baridi ya mwaka huu imeunguza kabichi zetu zote. Mimi nimehamishiwa kwenye chumba cha kuoka hostia, ile mikate ya Komunyo, na hilo ni jambo jema kwa vidole vyangu. Sista Benilda, mkongwe wetu, ananiuliza kila siku kama Papa bado ni yuleyule. Ninapomwambia ndiyo, anafurahi kana kwamba ni habari mpya.

Nimefurahi umepata kazi. Lakini umeruka kitu, Ato, na umeruka kwa ustadi kama kawaida yako. Lakambayan kila aliyenipigia magoti alijua kwamba anacheza. Alifunga kompyuta, akaenda kula chakula cha jioni na mama yake. Nilipomfukuza waziri wangu nchini, yule kijana aliniandikia kesho yake kuniuliza kama ana haki ya kurudi akiwa mchunga mbuzi, na tukacheka. Nani atarudi akiwa mchunga mbuzi huko San Telmo?

Na ile sheria yetu ya kwanza, nadhani hujaisahau. Huandiki mkono wa mwenzako. Kama mhusika wangu ameanguka, mimi mwenyewe ndiye niseme ameanguka.

Umeniambia umeajiriwa kuandika. Hukuniambia unaandika nini.

Kwaresima inaanza tarehe sita Machi. Unajua utaratibu wetu. Kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka hatuandiki wala hatupokei barua. Zinazofika zinakaa kwenye saraka ya meza ya Mama Mkuu. Kwa hiyo nijibu upesi.

Mpake Mama mafuta ya nazi kwenye goti, na umpake wewe, usimwachie ajipake mwenyewe.

Dada yako,
Medy

*

San Telmo, 25 Februari 2019

Dada,

Hapa tu wazima. Mafuta ninampaka, na kila nikimpaka ananiambia wewe ulikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu.

Ninachoandika ni mambo ya kawaida ya kampeni, hotuba, matangazo, salamu za sikukuu. Sina la zaidi.

Anayeshindana na Boyet ni Mwalimu Eufemia Catalbas. Ndiyo, huyohuyo wetu, aliyetufundisha kusoma mimi na wewe. Amestaafu, na bado anafundisha watoto wa jirani kusoma pale barazani kwake. Anatembea nyumba kwa nyumba na mwavuli. Hapa kwetu alikuja, akanywa kahawa na Mama, wakacheka mpaka Mama akakohoa. Watu wanampenda. Sikutegemea wampende kiasi hiki.

Mama yeye amepata rafiki kwenye simu. Kuna mjane mmoja anaitwa Bi Pacing, muuza bibingka, ile mikate ya mchele, gatini, ana ukurasa wake mtandaoni na nusu ya mji wanausoma. Ni mcheshi. Juzi aliandika: "Mimi mkate wangu naupa moto juu na chini, ndiyo maana unaiva. Wakubwa wetu wanapata moto wa chini tu, ndiyo maana wako mabichi kichwani." Mama alicheka na simu peke yake jikoni. Kila asubuhi anamwamkia, na Bi Pacing anamjibu. Tangu uondoke sijamwona Mama akichangamka hivi.

Kwaresima njema.
Ato

*

San Telmo, 27 Machi 2019

Dada Medy,

Tu wazima, Mama anakusalimu. Leo sina hamu ya mengine.

Bi Pacing ni mimi.

Nadhani ulishajua. Boyet alitaka mtu wa chini ambaye watu watamsikiliza, nami nikampa. Mwanzoni alikuwa sauti tu, ya kusifia barabara mpya na kutania bei ya mchele. Halafu watu wakaanza kumwandikia. Wanamweleza kuhusu waume zao, kuhusu watoto walioko Dubai. Ninawajibu wote. Dada, sijawahi kusomwa hivi maishani mwangu. Na Mama, nilidhani nitamjibu mara moja tu nimchangamshe. Sasa yeye yuko jikoni na simu, mimi niko chumbani na kompyuta, ukuta wa mbao katikati, na ninasikia anavyocheka kabla hata jibu lake halijanifikia. Amemwambia Bi Pacing mambo ambayo hajawahi kutuambia sisi. Mojawapo linakuhusu. Sitaliandika hapa.

Wiki iliyopita nilikuwa na kazi nyingi, nikaandika kwamba Bi Pacing ana kikohozi, ili nipumzike. Mama akapika uji wa tangawizi na kuku, akafunga sufuria kwa kitambaa, akapanda bajaji na goti lake hilo mpaka gatini. Nilipojua nilimkimbilia. Nikamkuta amekaa kwenye kasha katikati ya wauzaji, na wauzaji wanamwambia, "Ndiyo, Bi Pacing tunamjua, hukaa pale karibu na mzani, leo hajaja." Mwingine akaongeza, "Yule mwenye jino la dhahabu." Mimi sikumpa jino la dhahabu. Mama akawaachia uji wamfikishie. Njiani akaniambia, "Umeona? Watu wote wanamjua."

Lakini silo lililonifanya nikuandikie. Boyet anasema Mwalimu anatushinda. Anataka Bi Pacing aseme jambo kuhusu yale mabati ya msaada yaliyohifadhiwa shuleni baada ya kimbunga, wakati Mwalimu Eufemia alipokuwa anayasimamia. Nikamuuliza, "Aliyaiba?"

Akasema, "Mabati yalipungua, hilo ni kweli, kila mtu anajua."

"Nani aliyachukua?"

"Hilo si la Bi Pacing kulijua. Yeye aseme alichokiona tu."

"Hakuona kitu, Boyet. Hayupo."

"Basi mwonyeshe," akasema, akanipigapiga begani.

Wanaitaka kabla ya Jumapili ya Matawi. Nikikataa wataweka mtu mwingine aandike, na ataandika vibaya, na Mama atagundua. Niambie la kufanya. Ukiniambia nisiandike, sitaandika.

Ato

*

Lubungan, 24 Aprili 2019

Ato,

Kristo amefufuka. Nawatakia furaha ya Pasaka, wewe na Mama, na naiandika kwa sababu ni wajibu wangu kuiandika.

Jumatatu Mama Mkuu alifungua saraka akatugawia barua zetu. Nilipata mbili. Nilisoma yako kwanza.

Unaniuliza la kufanya tarehe ishirini na saba Machi. Nilikuwa nimekwambia tarehe ya Kwaresima kwa mkono wangu, na ukanitakia Kwaresima njema kwa mkono wako. Ulijua sitaisoma mpaka Pasaka. Ulimuuliza mtu ambaye ulijua hawezi kujibu, kisha ukasema utamtii. Nimeigeuza barua hiyo huku na huku nikitafuta namna nyingine ya kuielewa. Sijaipata.

Bi Pacing nilimtambua tangu barua yako ya Februari, kwa ule mkate wa moto juu na chini. Lakambayan ulikuwa na kizee aliyeuza uji kwenye lango la ikulu yangu, akiwatania askari. Nilimpenda kuliko wahusika wako wote. Nilitaka kukuandikia siku ileile, lakini Majivu yalikuwa kesho yake.

Barua ya pili ilikuwa ya Mama, ameiandika Jumatatu ya Juma Kuu. Anasema Bi Pacing amefichua kwamba alimwona Mwalimu Eufemia kwenye kiti cha mbele cha lori lililojaa mabati, lilipokuwa linatoka shuleni alfajiri. Anasema: "Nimehama benchi kanisani. Siwezi kukaa karibu naye, nikikumbuka tulivyolala chini ya turubai na mvua inatunyeshea." Mama, Ato. Alikaa benchi moja na Mwalimu tangu sisi tuko tumboni.

Mlioko huko bado hamjapiga kura. Futa. Mwambie Bi Pacing aseme alikosea. Vizee hukosea, hakuna atakayemshangaa.

Lile linalonihusu, lililosemwa na Mama, usiniambie. Halikuwa lako kulisikia.

Medy

*

San Telmo, 26 Mei 2019

Dada,

Salamu. Goti la Mama limevimba, nitakueleza sababu.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya kura. Sikufuta. Sitajitetea. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika, "Wanangu, jicho langu la uzee limenidanganya," nikaitazama, nikaifuta. Majibu mengine kumi na tano ya watu yalikuwa yameshaingia wakimwambia Bi Pacing kwamba na wao waliliona lori. Mmoja alitaja rangi yake.

Boyet ameshinda. Kabla ya hapo ukuta wa Mwalimu ulipakwa neno MWIZI kwa rangi nyekundu, na kioo cha dirisha lake kilivunjwa kwa jiwe. Wazazi wamewaondoa watoto wao barazani kwake. Kila siku namwona amekaa na vitabu, viti vitupu mbele yake, hajavirudisha ndani.

Baada ya kura waandishi wa redio ya mkoani walianza kumtafuta Bi Pacing wamhoji. Boyet akaniita. "Muue," akasema, vile tulivyokuwa tunasema sisi mhusika akituchosha. Nikaandika kwamba kikohozi kimemzidi, kisha nikaandika, kama mpwa wake, kwamba amefariki na amezikwa kijijini kwao. Niliandika vizuri, Dada. Watu walilia. Nilisikia kiti cha Mama kikisogea jikoni. Nilipotoka nilimkuta amesimama ameshika ukingo wa sinki.

"Amekufa peke yake," akasema. "Hata jamaa zake hawajulikani. Sisi tutamwombea."

Akaandaa novena ya siku tisa. Hapa nyumbani, Dada, sebuleni kwetu. Akakopa viti kanisani, akapika tambi na keki za mchele kwa watu, akapiga magoti na goti hilo kila jioni. Hatukuwa na picha ya marehemu, akaweka kikapu cha mikate mezani penye mshumaa. Watu walikuja mpaka wakajaa uani. Wale wauzaji wa gatini walikuja, wakasimulia habari zake, alivyokuwa mkarimu, alivyowakopesha mkaa. Nilikuwa nagawa kahawa, nawasikiliza.

Jioni ya tano akaingia Mwalimu Eufemia.

Alikuwa amevaa nguo nyeusi, ameshika rozari yake. Mama alimfuata mlangoni. Akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umekuja kufanya nini, Femia?"

"Kumwombea marehemu."

"Baada ya aliyoyasema juu yako?"

"Ndiyo sababu nimekuja, Salud. Nilitaka siku moja nimwulize kwa nini. Sasa siwezi tena. Acha basi nimwombee."

Mama alimpisha. Mwalimu akapiga magoti nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, miguuni pangu. Nilikuwa na sinia la vikombe. Vikaanza kugongana, nikashindwa kuvinyamazisha. Mwalimu akaniangalia. Akafikiri ninalia kwa ajili ya marehemu, akanishika kifundo cha mguu kunituliza.

Kesho yake asubuhi Mama akaniambia, "Padri anataka jina kamili la Bi Pacing, la misa ya siku ya tisa. Wewe unajua mitandao, nitafutie."

Nikamwambia, "Hana jina, Mama."

"Kila mtu ana jina."

"Mama, ni mimi. Bi Pacing alikuwa mimi. Nilikuwa naandika mule chumbani."

Akauliza, "Yale ya asubuhi?"

"Mimi."

"Na niliyomwambia siku ya kumbukumbu ya baba yenu?"

"Nilisoma."

"Na lori?"

Akachukua ufagio akaanza kufagia sebule, chini ya kila kiti, polepole. Nilidhani atawafukuza watu. Hakuwafukuza. Jioni walipokuja aliongoza rozari kama kawaida, mpaka siku ya tisa ikaisha. Padri alipouliza jina, alimwambia, "Sema tu kwa wote waliosingiziwa." Tangu hapo ananipikia, ananifulia, na hasemi nami neno.

Ato

*

Lubungan, 18 Juni 2019

Mdogo wangu,

Mvua zimeanza, na chumba cha hostia kina unyevu kiasi kwamba nusu ya tunazooka zinajikunja. Sista Benilda amelazwa. Bado ananiuliza habari za Papa.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kwenye zamu yangu ya sala. Sikupata neno lolote la kumwambia Mungu, na mpaka leo sijalipata vizuri. Nakaa tu pale saa yangu inapofika.

Mama ameniandikia. Hakutaja novena wala Bi Pacing wala wewe. Ameandika mistari michache: "Nilikuwa nikimwambia mtu asiyekuwepo, bora nikwambie wewe. Tangu uingie huko ninaomba ushindwe urudi nyumbani. Nimeomba hivyo kanisani, mbele ya watu, huku nikitabasamu wakinipongeza kwa kuwa na binti mtawa." Sasa wewe na mimi tunajua jambo lilelile, na mimi nimelijua kwa njia yake ya haki.

Usiniulize habari za nadhiri za daima ninazotakiwa kuweka Agosti.

Nimefikiri pia juu ya kile ulichosema Januari, kwamba siasa na mchezo wetu ni kitu kimoja. Nilikubishia kirahisi mno. Zinafanana kweli. Humu ndani pia tulimchagua Mama Mkuu mwaka juzi, na niliwaona wanawake watakatifu wakihesabu nani atakaa karibu na nani mezani. Kila mahali watu wanapigiana magoti kwa sababu wengine wamepiga. Lakini Lakambayan, mtu aliyeumia aliweza kuandika pembeni, kwa jina lake mwenyewe, "Jamani hebu tusimame kidogo." Na tulisimama, hata katikati ya vita. Mwalimu Eufemia ameandika pembeni tangu Aprili, na hakuna aliyesimama.

Nenda kwake. Usiende kuomba msamaha, maana hilo ni kumpa kazi nyingine ya kufanya. Nenda ukamweleze, kisha ufanye atakalokwambia.

Medy

*

San Telmo, 4 Agosti 2019

Dada Medy,

Tu wazima. Goti la Mama limepungua. Jana ameniambia chumvi imeisha, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Mei. Nilikwenda kununua chumvi mbio kama mtoto.

Nilianza kwa njia niliyoijua. Niliandika mtandaoni, kwa jina langu na picha yangu, kwamba Bi Pacing nilimbuni mimi, na lori halikuwepo. Nilitegemea nitapigwa. Badala yake walinihurumia, au wakanitukana kwa kumchafua marehemu. "Mwalimu amekuahidi nini?" waliuliza. Yule muuzaji wa gatini aliyesema habari za jino la dhahabu aliandika aya ndefu jinsi alivyomfunga sanda kwa mikono yake. Boyet alinipigia simu. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Andika tu, Ato, andika mpaka uchoke," akasema. "Ukimaliza, rudi ofisini, kuna kazi." Sijarudi.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu. Alikuwa anafunga mizigo. Anahamia kwa binti yake, mjini Cebu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, hakuniambia nikae. Alikuwa anafunga magazeti kwenye vikombe, na hakuacha kufunga. Nilipomaliza akauliza, "Ulikuwa na umri gani nilipokufundisha herufi?"

"Mitano, Mwalimu."

"Ulikuwa mvivu wa mkono lakini ulikuwa na sikio," akasema. "Nilimwambia mama yako, huyu atasikia watu." Akafunga kikombe kingine. "Meli yangu ni Alhamisi. Njoo unibebee masanduku."

Alhamisi nilikwenda. Mama alikuja pia bila kusema anakuja, na mwavuli, akakaa kitini kwenye bajaji pamoja na Mwalimu, wameshikana mikono, mimi nyuma na mizigo. Gatini ilikuwa siku ya soko. Wanawake walikuwa wamepanga mikate, samaki wakavu, maembe mabichi. Walipomwona Mwalimu, mmoja wao akatema mate pembeni. Karibu na mzani mtu ameweka kopo la maua kwa ajili ya Bi Pacing, na mshumaa.

Nilipomaliza kupakia masanduku Mwalimu akaniambia, "Mtandaoni nimesoma. Sasa waambie hawa. Kwa mdomo."

Dada, sijawahi kusema mbele ya watu maishani mwangu. Unajua. Hata Lakambayan, walipotaka tukutane siku moja tujuane sura, nilijifanya mgonjwa. Nilisimama karibu na mzani nikasema, na sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Nikasema mimi ni Honorato, mtoto wa Salud. Nikasema hapakuwa na Bi Pacing. Nikasema mwanamke huyu hakuiba bati hata moja, na niliyesema aliiba ni mimi, na nilijua ni uongo wakati nausema.

Wakanisikiliza, kwa adabu. Yule msimulizi wa jino la dhahabu akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kijana wa watu," akamwambia mwenzake. "Kifo cha yule bibi kimemwathiri."

Nikamgeukia Mwalimu. Nilitaka, sijui nilitaka nini. Alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, begi mkononi. Akasema, "Nimesikia," kisha akapanda daraja la meli na Mama akimshika kiwiko mpaka pale wasindikizaji wanaporuhusiwa.

Honi ilipigwa. Watu walirudi kwenye biashara zao, bei zikaanza kutajwa tena. Mimi nilibaki pale pale. Nilidhani kuna kitu kitafuata, mtu atanipiga, au ataniuliza swali. Baada ya muda mwanamke mmoja alinigusa mkono akaniomba nisogee kidogo, maana nilikuwa nimewazibia wateja wake.

Ato